Mwalimu mkuu mpya, anza na madaftari

Ukiteuliwa leo kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania, wanaokupongeza watakuambia mambo mawili: sasa utapata posho ya madaraka, na sasa umepumzika kuingia darasani. La kwanza ni haki yako. La pili usilikubali, maana ndilo linalozidumaza shule nyingi.

Nimekaa kwenye kiti hicho muda wa kutosha, mjini na kijijini, na wakuu wapya huniuliza waanzie wapi. Mara nyingi wanauliza wakiwa wameshaanza. Geti limepakwa rangi, kauli mbiu imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, na darasa la saba limeshawekwa kambi. Sina ugomvi na rangi, na choo kibovu hakisubiri mipango ya taaluma. Ila kambi ina maneno. Watoto wa darasa la saba wanakaa shuleni hadi jioni wakirudia mitihani iliyopita, walimu wazuri wote wamewazunguka, huku darasa la pili limejaa watoto mia na kitu na mwalimu mmoja aliyepangwa huko kwa sababu hakuna aliyemtaka juu. Mtoto asiyejua kusoma akifika la saba hakuharibikia la saba. Mwalimu wako hodari kuliko wote mpeleke darasa la kwanza au la pili. Atanuna wiki mbili tatu, kwa sababu kwetu kufundisha madarasa ya chini huonekana kama adhabu. Mweleze kwa nini umemchagua, umpunguzie zamu, na umtaje mbele ya kamati ya shule.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada, shule ya msingi huendeshwa kwa ruzuku iliyokadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 6,000 hushuka shuleni na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapata kama milioni 3.6 kwa mwaka, yaani laki tatu kwa mwezi, za chaki, karatasi, mitihani, michezo na kitasa kilichovunjika. Ni ndogo, na tuendelee kusema kuwa ni ndogo. Lakini mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio la KiuFunza katika shule 350. Baadhi ya shule walizipa fedha za ruzuku peke yake. Nyingine walizipa fedha hizo pamoja na bonasi kwa walimu kulingana na watoto wanaofaulu. Zilizopata fedha tupu zilinunua vitabu na vifaa, ila alama za watoto hazikusogea. Zilizopata vyote viwili zilipanda. Mimi si mpenzi wa bonasi, huleta manung'uniko kwenye chumba cha walimu. Nililolichukua pale ni kwamba fedha bila mtu anayefuatilia mtoto amejifunza nini huishia kabatini.

Mtu huyo ni wewe, na njia yako ya kufuatilia ipo tayari kwenye mikoba ya watoto.

Kila Jumatatu chukua rejesta ya mahudhurio ya darasa moja, chagua majina manne mwenyewe, kisha agiza madaftari yao. Usimwachie mwalimu achague, atakuletea ya wale wanaoandika vizuri kama wamechapa. Kaa nayo bila haraka. Tazama tarehe ya kazi ya mwisho. Linganisha mada na azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka: kama azimio linasema hesabu za sehemu na daftari bado lipo kwenye kujumlisha, mmoja anadanganya, na si daftari. Tazama kama kazi imesahihishwa, kisha utazame jambo ambalo karibu kila mtu hulipita: je, mtoto aliyekosa alirudia? Ukikuta mikato myekundu kurasa kumi mfululizo na hakuna masahihisho hata moja, ujue wino umetumika na somo halijatumika.

Sasa soma makosa yenyewe. Nikiwa shule moja ya kijijini nilifungua madaftari ya hisabati ya darasa la nne. Swali: 402 − 178. Mtoto wa kwanza ameandika 376. Wa pili 376. Wa tatu 376. Wa nne hakuwepo siku hiyo. Yote yamekatwa mkato mmoja mrefu na chini pameandikwa "Ongeza bidii." Jibu ni 224. Lakini watoto watatu hawawezi kubahatisha kosa moja lile lile. Ukitazama utaona walichofanya: nne toa moja, tatu, saba toa sifuri, saba, nane toa mbili, sita. Kila mahali wametoa ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini.

Nilimwomba mwalimu wao, mama mtu mzima aliyenizidi miaka ya kazi, aje tuangalie pamoja.

"Mkuu, hawa ni wavivu tu. Kukopa nimefundisha wiki nzima."

"Sina shaka, mama. Hebu tumwite mmoja atueleze alivyofanya."

Akaja msichana mmoja, akasimama kando ya meza, akaamkia, akaeleza bila kusita: "Kubwa toa ndogo." Tangu darasa la kwanza aliambiwa hivyo, na darasa la kwanza ilikuwa sahihi, maana walikuwa wanatoa tatu kwenye saba. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kanuni ile ina mwisho. Akifika kwenye sifuri ya katikati, ambapo lazima ukope hadi kwenye mamia, anarudia ile aliyoizoea. Yule mama alicheka, akasema hata yeye anadhani aliwahi kuwafundisha watoto hivyo hivyo miaka ile akiwa la kwanza. Alasiri ile wakakaa na mwalimu wa darasa la pili wakifunga vijiti kumi kumi na mia mia, na wakakubaliana sentensi ile isitumike tena. Baada ya muda walitoa swali la aina hiyo hiyo, tukafungua tena madaftari. Wengi walikuwa wamevuka, wachache hawakuvuka, na hao wachache sasa tuliwajua kwa majina.

Kuboresha shule ninakokujua mimi ni huko: kosa moja, walimu wawili, jaribio, kurudi kuangalia. Wakenya waliopita kwenye mafunzo ya SMASSE, yaliyoanza mwaka 1998 kwa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, wana mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha. Hatua ya kutazama ndiyo tunayoiruka. Tunapanga Januari, tunatenda tunavyoweza, halafu tunasubiri matokeo ya taifa yatuambie.

Huku kwetu tuna MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu hukaa kujifunza pamoja, na ni kitu kizuri kikitumika. Kikitumika vibaya ni mahudhurio, sahihi na picha ya kutuma kwa afisa elimu kata. Siku ya jumuiya weka madaftari mezani, swali moja lililowashinda watoto, na umwachie uongozi mwalimu wa kawaida. Wewe kaa pembeni. Ukiongoza wewe watasema unachotaka kusikia. Kuna na nyenzo nyingine: Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure kwenye tovuti yake. Zinaonyesha swali lipi liliwashinda na watahiniwa walijibu nini. Nimekuta ofisi za taaluma ambazo hazijawahi kuchapa nakala ya hata moja.

Ukiingia darasani, kaa dawati la nyuma na fomu uiache ofisini. Mwalimu ameshazoea kwamba mtu mwenye fomu amekuja kutafuta andalio la somo. Watazame watoto: nani anaandika, nani anamtazama jirani, nani hajaulizwa swali kipindi kizima. Zungumza na mwalimu siku hiyo hiyo, jambo moja tu, mkiwa wawili. Ukimsema mbele ya wenzake kikaoni, utakachokiona ukirudi ni maigizo.

Najua utasema muda hakuna. Kundi la WhatsApp la wakuu linaanza kulia alfajiri: leteni takwimu haraka, kabla ya saa 6. Manunuzi yapo kwenye mfumo wa NeST, mahesabu yapo kwenye mfumo wa FFARS, mtandao haupo. Ndiyo maana nakushauri utangaze waziwazi kwamba saa 2 hadi saa 4 asubuhi mkuu yuko madarasani, na mwalimu mkuu msaidizi ndiye anayepokea wageni. Utavunja ratiba hiyo mara nyingi, utaitwa wilayani, mzazi atakuja na kesi. Ivunje ukiwa na sababu, kesho yake uirudie. Na acha kujilinganisha na shule za jirani. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha za shule bora, na kwangu lilikuwa jambo la heri. Linganisha darasa lako la tatu la mwaka huu na la tatu la mwaka jana.

Wazazi tusiwaite kwa michango tu. Kwenye mkutano wapeleke madarasani kwanza, kila mmoja akae na mwanawe, mtoto amsomee ukurasa mmoja, kwa sauti ya chini, wao wawili tu. Usimsimamishe mtoto mbele ya watu. Mkutano ukianza hutahitaji hotuba ndefu kuhusu mahudhurio.

Jambo la mwisho ni uhamisho, ambao haupigi hodi. Makabidhiano yetu ni ya vitu: madawati, leja, risiti, funguo, muhuri. Weka na kaunta buku moja yenye majina ya watoto wa darasa la pili, la tatu na la nne ambao hawajasoma kwa ufasaha, tarehe waliyopimwa, kilichojaribiwa na kilichotokea. Nakala ya pili mpe mwalimu wa taaluma, kwa sababu yeye huenda akabaki.