Jina la Khanga na Madai ya Mtaani

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama kinataka khanga za sare za kuvaa kwenye mkutano mkuu wa mtaa, tukadai maji ya bomba. Wenzetu wengine wanasema khanga ni ya nyumbani na harusini, tusiitie siasa. Je, ni kweli? Na jina tuliandikeje?
Mwanakikundi, Tanga

JIBU: Khanga haijawahi kuwa mbali na siasa. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliacha merikani na kaniki, nguo zilizowatambulisha kwa unyonge wao, wakajifunga khanga za rangi kama waungwana. Hilo lilikuwa tamko, na hakuna aliyepanda jukwaani. Vaeni bila wasiwasi.

Sasa jina, yaani maneno yanayoandikwa kwenye khanga. Msiandike "Tunataka maji" wala msimtaje kiongozi. Kiongozi huhamishwa, na khanga yenu itabaki kabatini ikimsema mtu aliyekwisha ondoka. Nguvu ya khanga ni fumbo: anayehusika ajijue, asiyehusika aone methali tu. Kwa mfano, AHADI HAIKATI KIU. Ni maneno matatu, na hata mwakani bado yatavalika.

Jina hukaa sehemu ya chini ya mji (eneo la katikati ya khanga), juu kidogo ya pindo (ukanda wa urembo unaouzunguka mji), ili khanga ikifungwa kiunoni lisomeke kwa nyuma. Herufi ziwe kubwa zote, zisipungue sentimita 3. Zikizidi herufi 25 hivi, mchapaji atazibana, na wa nyuma yako ataona mstari tu. Kosa linalorudiwa sana ni kulisogeza jina karibu mno na pindo, likapotelea kwenye maua.

Picha ya mtu iacheni kabisa. Ikiwekwa katikati ya mji, khanga ikifungwa sura yake inaishia makalioni, na hapo heshima mliyokusudia inageuka tusi.

Rangi nazo zinasema. Kijani na njano pamoja ni CCM. Bluu, nyekundu na nyeupe watu wataiona Chadema. Madai ya maji ni ya mtaa mzima, kwa hiyo chagueni mchanganyiko usio wa chama chochote, mathalani zambarau iliyoiva na chungwa. Msizidishe rangi tatu, maana katika uchapaji wa fremu kila rangi ina fremu yake, na kila fremu ni gharama.

Kabla ya kulipia mzigo wote, dai sampuli. Mmoja aifunge, mwingine asimame hatua nne nyuma asome kwa sauti. Kagueni L na R zisibadilishane: AHADI HAIKATI KIU haina hatari hiyo, lakini majina mengi huharibikia hapo, na doti (khanga mbili zilizoungana) zikishachapwa hakuna kufuta. Mkizipokea, zikateni katikati ya mapindo mawili, mpinde, kisha mzifue peke yake kwa maji baridi, wanga utoke na rangi isichafue nguo nyingine.