Stash si mahali pa kulaza kazi

Wadogo zangu mnaoanza kazi, wiki yangu ya kwanza nilikabidhiwa repo kumi na moja, yaani miradi ambayo historia ya msimbo wake inatunzwa na programu ya Git, na kila moja ina matawi, njia za kazi zinazokwenda sambamba, usiyojua nani aliyaacha. Nikawa mtu wa kuhamahama. Niko katikati ya kazi, mteja anapiga simu, naifunika kwa git stash, amri inayoweka kando kazi ambayo haijaingia kwenye historia, narukia tawi jingine. Jioni ninazo stash sita, hazina majina. Siku moja nikafungua isiyo yenyewe nikaituma, na duka moja la jumla pale Kirumba, Mwanza, likaanza kutoa risiti zenye bei za majaribio. Kuomba radhi nilikwenda mwenyewe kwa miguu.

Sikujua kwamba stash haifuati tawi: ni rundo moja la repo nzima. Ukilazimika kuitumia, ipe jina, git stash push -m "risiti, nusu".

Siku hizi natumia git worktree, iliyomo ndani ya Git tangu 2015. Unaandika git worktree add -b haraka ../haraka main, na tawi jipya, haraka, linalochipuka kutoka tawi kuu, main, linapata folda yake. Historia inabaki moja. Mteja akipiga simu unahamia folda ya pili, ya kwanza unaiacha ilivyo, hata ile mistari uliyoandika nusu. Sisi wa bando tunafurahi zaidi, maana huivuti repo upya mtandaoni. Kero ipo: maktaba za mradi na faili la siri, lile lenye nywila, inabidi uviweke tena kila folda. Na Git itakataa tawi moja likae folda mbili. Msibishane nayo.

Ijumaa ni usafi. Repo zangu zote ziko folda moja, kwa hiyo mstari mmoja unazipitia:

for d in */; do git -C "$d" fetch --prune; done

Hapo majina ya matawi yaliyokwisha kufutwa kwenye seva yanaondoka. Yaliyo kwenye mashine yako yanabaki. Simama kwenye main, uliza git branch --merged ikuonyeshe yaliyokwisha kuunganishwa, kisha futa kwa git branch -d, ile ndogo, ambayo hugoma tawi likiwa na kazi ambayo haijaunganishwa. -D kubwa haiulizi kitu. Niliitumia usiku mmoja radi zikipiga ziwani, nikiwahi kabla umeme haujakatika, nikafuta kazi ya siku tatu. Asubuhi niliipata komiti ya mwisho, yaani hatua ya mwisho niliyoihifadhi, kwenye git reflog, daftari la mahali ulikopita, nikaifungulia tawi jipya.