Mwezi Hauna Wiki Nne: Majibu ya Maswali Yenu ya Kodi

Maswali ya kodi ya nyumba yamenijia mengi safari hii, na karibu yote yana kero moja: kodi inatajwa kwa wiki, pesa inaingia kwa mwezi. Wengi wetu hatukukulia kwenye kodi ya wiki. Dar mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi kabla hujaonyeshwa choo kilipo, Nairobi unasubiriwa tarehe tano. Kodi ya kila Jumatatu tumekutana nayo huku Uingereza, na wenzetu wa Australia vilevile. Haya, tuanze.

*Dada, nimepata chumba cha £150 kwa wiki. Mwenye nyumba amekubali nimlipe kwa mwezi, ila anataka £650. Mimi nikihesabu napata £600. Hiyo hamsini ananipiga? — Mpangaji mpya, Reading*

Hakupigi, ndugu yangu. Umezidisha 150 kwa nne, na hapo ndipo ulipoteleza. Wiki nne ni siku 28, na mwezi wa siku 28 ni Februari peke yake, tena si kila mwaka. Hata mwezi mwandamo, ule tunaoutazamia kwa macho tufunge na tufungue, una siku 29 au 30.

Usitoke kwenye wiki ukarukia mwezi moja kwa moja. Pitia mwaka. 150 mara wiki 52 ni 7,800. Gawa kwa 12, ni 650. Ungelipa 600 kila mwezi, mwisho wa mwaka ungekuwa umetoa 7,200 na kubakiza deni la £600, yaani kodi ya wiki nne nzima. Ukitaka kurudi kutoka mwezi kwenda wiki, zidisha kwa 12, gawa kwa 52.

Hesabu hiyo ikusaidie pia unapotafuta nyumba. Kwenye matangazo, "pw" ni kwa wiki na "pcm" ni kwa mwezi wa kalenda. Chumba cha £190 pw kinavutia macho kuliko cha £800 pcm, kumbe hicho cha kwanza ni £823.33 kwa mwezi.

Kuna mwenye nyumba atakayekwambia mwaka ni wiki 52 na siku moja, kwa hiyo agawe 150 kwa 7, azidishe kwa 365, kisha agawe kwa 12. Inatoka £651.79. Naye hajakosea, amehesabu ile siku moja tu. Mkubaliane njia moja na iandikwe.

*Shikamoo dada. Nimepanga chumba kwa mama mmoja wa nyumbani, namlipa £110 mkononi kila Ijumaa. Sasa nimepata kazi ya mshahara wa mwezi, nataka nimlipe tarehe mosi. Anaogopa kwamba kuna siku zitapotea katikati. — Kijana wa Tanga, London*

Marahaba mwanangu. Mama ana haki ya kuogopa, maana siku hupotea hapohapo, kwenye daraja kati ya mpango wa zamani na mpya. Tuseme malipo yako ya mwisho yanakufikisha Alhamisi tarehe 25 ya mwezi wa siku 30. Zimebaki siku tano kabla ya mwezi mpya. 110 kwa 7 ni £15.71 kwa siku, kwa hiyo siku tano ni £78.57. Mpe hizo kwanza, kisha tarehe mosi uanze na kodi ya mwezi: 110 mara 52, gawa kwa 12, £476.67.

Utaona tarehe mosi inakudai pesa nyingi kwa mpigo kuliko ulivyozoea, na mshahara wako wa kwanza huenda haujaingia. Ongea naye mapema. Pengine mwezi wa kwanza umlipe nusu tarehe mosi na nusu tarehe 15, kisha mnyooshe.

Jambo lingine, na hili nalisema kwa sababu nimeona urafiki wa miaka ukivunjika: sisi kwa sisi tunaoneana haya kudai risiti. Mhamishie kwa benki. Kama anataka taslimu, wekeni daftari la shilingi mbili lenye tarehe, kiasi na sahihi zenu wote wawili. Mwambie ni kwa ajili ya kumbukumbu yako mwenyewe, hatakasirika.

*Nakaa nyumba ya halmashauri, kodi £120 kwa wiki. Walinipa hesabu ya £520 kwa mwezi, nami nalipa kila tarehe mosi bila kukosa. Mbona barua imekuja kuwa nadaiwa? — Mama wa watatu, Leicester*

Hili ndilo swali linalowakosesha watu usingizi kuliko yote, kwa hiyo niruhusu nikae nalo.

£520 ni sahihi: 120 mara 52, gawa kwa 12. Shida ni kwamba wewe unalipa kwa mwezi, lakini kompyuta ya halmashauri inakuandikia deni jipya la £120 kila Jumatatu. Mwezi wenye Jumatatu nne inakuandikia £480, na wenye Jumatatu tano £600. Wewe unatoa £520 ileile. Kwa mwaka wa kawaida miezi minane ina Jumatatu nne na miezi minne ina tano. Katika ile minane unazidisha £40 kila mwezi, jumla £320. Katika ile minne unapungukiwa £80, jumla £320. Mwisho wa mwaka mmemalizana.

Lakini katikati salio linapanda na kushuka kama maji ya bahari. Kama ulianza kulipa kwenye mwezi wa Jumatatu tano, au ulianza na kideni kidogo cha zamani, Jumatatu ya mwisho wa mwezi inakukuta chini ya sifuri. Barua zinatoka zenyewe, hakuna mtu aliyekaa akakufikiria vibaya. Wanaolipa mwishoni mwa mwezi hali yao ni mbaya zaidi, kwa sababu mikataba mingi ya halmashauri inataka kodi itangulie, si ifuate.

Omba taarifa ya akaunti yako ya kodi, usome salio la siku baada ya malipo yako na la Jumatatu ya mwisho ya mwezi. Kama pengo ni la £80 linalozibwa tarehe mosi, hudaiwi kitu cha maana. Waandikie wakuwekee kumbukumbu kwamba unalipa kwa mwezi. Kisha ongeza £10 au £15 kila mwezi mpaka salio lisiguse sifuri hata kwenye Jumatatu ya tano. Na kila Aprili kodi inapopanda, kumbuka kubadilisha agizo la kudumu ulilompa benki. Benki haisomi barua za halmashauri. Itaendelea kutuma kiasi cha mwaka jana bila wasiwasi wowote.

*Hapohapo kwa halmashauri: wanasema mwaka una wiki 53 za kodi. Universal Credit, ile ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wananilipia za 52. Nani mkweli? — Msomaji, Birmingham*

Wote wawili, kwa bahati mbaya yako. Ile siku moja inayobaki kila mwaka, na mbili kwa mwaka mrefu, hujikusanya, na kila baada ya miaka mitano au sita unatokea mwaka wa kodi wenye Jumatatu 53. Mwaka ulioanza Jumatatu tarehe 1 Aprili 2024 ulikuwa hivyo: tarehe 31 Machi 2025 nayo ilikuwa Jumatatu. Universal Credit wao wana kanuni moja isiyobadilika: kodi ya wiki mara 52, gawa kwa 12. Wiki ya 53 haimo.

Kwa kodi ya £120 pengo ni hiyohiyo £120. Ukiigawa kwa miezi 12 ni £10 kwa mwezi. Inauma, lakini inauma kidogo kuliko kuikuta yote Machi. Mimi naona ni kanuni isiyo ya haki, maana kosa la kalenda anabebeshwa mwenye kipato kidogo. Ila kuona hivyo hakulipi kodi.

Kinyume chake, baadhi ya halmashauri zina wiki zisizotozwa kodi, mara nyingi karibu na Krismasi na mwisho wa mwaka wa fedha. Kama zako ni mbili, Universal Credit wanazidisha kwa 50 badala ya 52. Jaza idadi yake kwa usahihi, usije ukalipwa zaidi halafu wakukate baadaye.

*Nafanya kazi ya kutunza wazee, nalipwa kila wiki nne. Kodi yangu ni £780 kwa mwezi, na kuna miezi mshahara unaingia siku moja baada ya kodi. Nihamishe tarehe ya kodi? — Kaka wa Kisumu, Manchester*

Usihangaike kuihamisha. Mshahara wa wiki nne unatembea: kila mwezi unaingia siku mbili tatu mapema kuliko mwezi uliopita, kwa hiyo utaikuta tarehe yoyote utakayochagua.

Unapokea mara 13 kwa mwaka na unalipa kodi mara 12. Wajuzi watakwambia 780 mara 12, gawa kwa 13, utenge £720 kila mshahara. Ni sawa kwenye karatasi, lakini kwa miezi ya mwanzo utakuwa unapungukiwa £60 kila tarehe ya kodi mpaka ufike mwezi wa mishahara miwili. Mimi napendelea njia ya kivivu. Siku mshahara unapoingia, hamisha £780 kwenye akaunti ya pembeni, kodi itoke huko. Utakuwa unalipa kodi kwa mshahara uliotangulia, na ule wa 13 utakuta kodi imeshalipwa. Hiyo £780 ni yako. Ukiituma nyumbani, shauri yako.

*Kodi ni £1,000 kwa mwezi. Dalali anataka amana ya £1,250, anasema sheria inamruhusu wiki tano. — Msomaji, Milton Keynes*

Wiki tano ni kweli, £1,250 si kweli. Amegawa elfu moja kwa nne akapata £250. Ile hesabu ya nne iliyompunja mwenye nyumba kule Reading, hapa inakupunja wewe. Kodi yako ya wiki ni 1,000 mara 12, gawa kwa 52: £230.77. Mara tano ni £1,153.85. Sheria ya England iliyoanza kutumika tarehe 1 Juni 2019 haimruhusu kupita hapo ikiwa kodi ya mwaka haifiki £50,000. Hata pesa ya kushikia nyumba haizidi ya wiki moja, yaani hiyohiyo £230.77. Mwandikie hesabu hiyo kwa barua pepe, mistari mitatu, bila hasira. (Ndugu wa Scotland, kwenu kikomo ni kingine: kodi ya miezi miwili.)

*Mkataba wa chumba cha mwanafunzi ni £160 kwa wiki, wiki 44. Nikizidisha kwa 52 na kugawa kwa 12 napata £693.33. Mbona wao wanataka £704? — Mwanafunzi, Coventry*

Kwa sababu mkataba wako si wa mwaka. 160 mara 44 ni £7,040, nao wameigawa kwa miezi kumi. Wiki ngapi na malipo mangapi, basi.

*Jambo dada. Melbourne, dola 500 kwa wiki. Wakala anaandika 2,172.62 kwa mwezi. Mimi napata pesa kila wiki mbili. — Baba wa Bukavu*

Amegawa kwa 7, akazidisha kwa 365, akagawa kwa 12, na huko ndivyo ilivyozoeleka. Lakini baba, pesa yako inaingia kila wiki mbili, kodi inahesabika kwa wiki. Mwombe ulipe dola 1,000 kila wiki mbili, siku moja baada ya pesa yako kuingia, na huo mwezi waachie wenye mishahara ya mwezi.