Karura na watoto: baiskeli, njia na vyoo

Dada, umeuliza kama msitu wa Karura hapo Nairobi unafaa kuwaanzishia wanao baiskeli ya milimani, na kama kuna pa kukodisha, choo na chakula. Unafaa sana. Ingieni kwa lango la Limuru Road. Vyote hivyo mtavipata upande huo. Kabla hujalipia baiskeli, bana breki moja baada ya nyingine huku ukiisukuma mbele. Gurudumu likiendelea kuzunguka, omba nyingine.

Anzeni na zile barabara pana. Makutano yana vibao vyenye nambari, basi piga picha ramani na hamtapotea. Vijia vyembamba vyenye mizizi viacheni mpaka watoto wazoee gia.

Mvua ikinyesha usiku, tafadhali ahirisheni. Udongo mwekundu wa kule unateleza vibaya, na matairi huchimba mifereji inayowasumbua wanaotembea kwa miguu. Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea msitu huu. Inaniuma kuona njia zake zikiharibiwa.

Maji bebeni kwa chupa za kudumu, kwani plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020.