Ruta yako mwenyewe nyumbani: mambo ya kujua kabla ya kuchomoa chochote

Kama nyumbani kwako kuna intaneti ya faiba, kile kiboksi alichokifunga fundi ukutani huenda kinafanya kazi tatu kwa pamoja. Kinapokea mwanga unaokuja kwenye waya wa faiba na kuugeuza kuwa data. Sehemu hiyo huitwa ONT. Kinagawa anwani kwa simu, runinga na kompyuta za ndani, ambayo ndiyo kazi ya ruta. Halafu kinarusha waifai. Nilipoweka ruta yangu hapa Dar es Salaam, kazi ya kwanza niliiacha mikononi mwa kampuni, nikachukua hizo mbili za mwisho. Nawe nakushauri uishie hapo.

Iko sababu. Kwenye mfumo wa GPON, unaotumika sana kwenye faiba za majumbani, nyuzi moja ya mtaani inagawanywa kwa nyumba nyingi, na mtambo wa kampuni unaitambua kila ONT kwa namba yake. Ukichomeka uliyonunua mwenyewe bila kusajiliwa, hupati kitu. Tena kile kichwa cha kijani cha waya kinachafuka kwa vumbi dogo tu, na mwanga uliomo ndani hauonekani kwa macho, kwa hiyo usikichomoe wala kukichungulia.

Kilichonisukuma zaidi haikuwa kasi. Nilitaka mtandao wa nyumba yangu uwe wangu. Ukiwa na ruta yako, jina la waifai na nenosiri vinabaki vilevile hata ukihama kampuni. Runinga, kamera za getini na simu za watoto haviguswi. Kampuni nyingi pia husimamia viboksi vyao kutoka mbali kwa njia iitwayo TR-069, ambayo inaweza kubadilisha mipangilio bila wewe kuwepo. Inamsaidia sana mteja asiyejua pa kubonyeza. Lakini mimi nina kamera na watoto ndani ya nyumba, na ninataka funguo za mlango wa ndani ziwe mfukoni mwangu.

Kabla ya kutoa hela, pima. Chukua kompyuta, zima waifai yake, iunganishe kwenye kiboksi kwa waya kisha upime kasi. Ikiwa kwa waya unapata kasi ya kifurushi chako na chumbani hupati, shida ni waifai. Ikiwa hata kwa waya kasi ni ndogo, ruta mpya haitakusaidia, idai kampuni haki yako. Angalia tu kama tundu la waya lina uwezo wa gigabiti, maana matundu ya zamani huishia megabiti 100 kwa sekunde.

Kwenye nyumba zetu za tofali za saruji na nondo, mahali pa kuweka ruta pana uzito kuliko bei yake. Fundi hufunga kiboksi pale waya unapoingilia, mara nyingi sebuleni karibu na dirisha, na masafa ya 5 GHz yanachoka upesi yakikutana na kuta mbili tatu. Faida kubwa kwangu ilitokana na waya wa Cat 6 niliouvuta kutoka sebuleni hadi kwenye korido ya vyumba, ruta ikakaa pale juu, katikati ya nyumba. Ukiwa kwenye ghorofa lenye wapangaji wengi, kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 pekee, kwa upana wa 20 MHz.

Sasa piga simu kwa kampuni, na hapa usiwe na haraka. Uliza wanaunganisha kwa PPPoE (ruta inaingia kwa jina na nenosiri) au kwa DHCP (ruta inapewa anwani yenyewe). Kama ni PPPoE, omba jina la mtumiaji na nenosiri lake. Uliza namba ya VLAN, yaani namba inayotenganisha huduma zinazopita kwenye waya mmoja, na kama kuna simu au runinga inayopita kwenye kiboksi hichohicho. Anayepokea simu mara nyingi hana majibu haya, kwa hiyo omba kitengo cha ufundi, na majibu wakuandikie. Sentensi iliyonifikisha nilikotaka ni hii: "Naomba mniwekee ONT kwenye briji, ruta yangu ndiyo itakayopiga PPPoE." Briji maana yake kiboksi kinaacha kazi ya ruta na kupitisha intaneti tu.

Wakikataa, usikate tamaa. Zima waifai ya kiboksi chao, vuta waya kutoka tundu lake la LAN (la vifaa vya ndani) hadi tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta yako, na hakikisha anwani hazigongani: kama chao kinatumia 192.168.1.1, yako ipe 192.168.10.1. Filamu, masomo na vikao vya video vitakwenda vizuri. Usumbufu utauona kwenye baadhi ya michezo ya mtandaoni, au ukitaka kuzifikia kamera moja kwa moja ukiwa nje. Hata ukipewa briji, tazama anwani ya WAN: ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, maana yake unachangia anwani na wateja wengine, na itabidi uombe anwani ya umma.

Ukienda Kariakoo kununua, usihesabu antena. Ruta nyingi zilizopangwa pale mbele ni za laini ya simu, kwa hiyo uliza kama ina tundu la WAN, kama matundu ni ya gigabiti, na kama waifai yake ni ya kizazi cha Wi-Fi 6. Mimi huangalia pia kama mtengenezaji bado anatoa masasisho. Ukishaiwasha badilisha nenosiri la msimamizi, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN), na kwenye usalama wa waifai chagua WPA3 au WPA2. Na ukiona tovuti fulani zinafunguka na nyingine zinakwama, weka MTU, yaani ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data, iwe 1492, kwa sababu PPPoE inachukua baiti 8 kati ya zile 1500.

Kumbuka sasa una vifaa viwili vinavyohitaji umeme. Nunua UPS ndogo ya ruta (betri ya akiba) yenye matundu mawili, ukilinganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta zote mbili.

Kiboksi kwa kawaida ni mali ya kampuni, kwa hiyo piga picha lebo yake na mipangilio ya awali, na utunze adapta yake. Siku huduma ikikatika, fundi atasema kosa ni la ruta yako. Kama uko kwenye briji, ingiza jina na nenosiri la PPPoE kwenye kompyuta, iunganishe moja kwa moja kwenye kiboksi chake, mpime wote wawili mkiwa mmesimama hapo.