Natamani vya barabarani Istanbul ila tumbo langu naliogopa

SWALI: Dada habari za kazi. Mwezi ujao naenda Istanbul wiki moja, ndo mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Nimeangalia picha za vyakula vyao vya barabarani na vile vitu vitamu mpaka mate yananijaa, ila tumbo langu jepesi na mwenzangu ninayesafiri nae kashikilia tule hotelini tu siku zote. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, kwenda Istanbul ukarudi umekula mayai ya hoteli tu ni hasara, nakwambia kweli. Chakula cha barabarani shida yake sio barabara, shida ni kikishaiva afu kikakaa. Kwa iyo ukifika kwa muuzaji angalia moto kwanza, kama anapika unamuona, mvuke unatoka na wenyeji wamepanga foleni, kula, maana penye foleni chakula hakipati muda wa kulala.

Anza na simit, ule mkate wa duara wenye ufuta unaouzwa kwenye vigari kila kona. Kabla ya kuokwa unachovywa kwenye shira ya zabibu iliyozimuliwa na maji ndo ufuta unagandia, ukiupata wa moto nje unavunjika kwa mlio, ndani laini, na tumbo halina ugomvi nao. Ukifika Eminönü karibu na daraja la Galata kula balık ekmek, samaki ndani ya mkate na kitunguu na limau, ila atolewe motoni mbele yako.

Cha kuogopa ni midye dolma. Ni kome waliojazwa wali wa viungo, muuzaji anafungua gamba, anakamulia limau, unachotea kwa gamba la juu kama kijiko na hujameza vizuri kashakupa mwingine. Watamu jamani! Lakini wanapikwa mapema na kuuzwa wakiwa wamepoa, mimi niliwala mchana wa Agosti wamepigwa jua kwenye sinia na usiku ule sikufumba jicho. Wewe safari hii waache.

Kwenye vitamu sasa jiachie, sukari ikiwa nyingi vile vijidudu havistawi. Lokum, vile vipande vitamu laini vya kutafuna, ya asili ni sukari na wanga, gelatini ya wanyama haimo kabisa. Baklava, ile ya tabaka nyembamba za unga zilizoloweshwa shira, ya mji wa Gaziantep, ambayo Umoja wa Ulaya ulilipatia jina lake ulinzi 2013, wapo wanaoigeuza juu chini mdomoni ili ule upande uliokunywa shira uguse kaakaa, jaribu. Ina pistachio, zile kokwa ndogo za kijani, kwa iyo kama una aleji ya kokwa za namna hiyo usiiguse.

Beba ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ukiharisha. Ukikosa, lita 1 ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai visivyojaa mlima, chumvi nusu kijiko cha chai, unakunywa kidogokidogo. Ukiona homa kali au damu nenda hospitali palepale.

Na huyo mwenzako usibishane nae, asubuhi ya kwanza mletee simit ya moto chumbani.