Wasomaji Wanauliza: Makala ya filamu si makala ya riwaya

Ndugu Mhariri,

Ninafundisha fasihi ya Kiswahili kidato cha tano na cha sita mjini Tanga, na miongoni mwa vitabu tunavyosoma ni riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute. Tangu filamu iliyotokana na riwaya hiyo itoke, wanafunzi wangu wamekuwa wakijibu maswali ya riwaya kwa mambo waliyoyasoma mtandaoni kuhusu filamu. Kwa hiyo nimeandika rasimu ya makala ya filamu hiyo kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, na kabla sijaiweka ningependa mniambie ina kasoro gani. Aya ya kwanza inasema: "Vuta N'Kuvute ni filamu nzuri sana inayohusu Mapinduzi ya 1964 ya koloni la Zanzibar. Inamhusu Yasmin, aliyeozwa kwa Bwana Raza na kupelekwa Mombasa. Ni filamu ya kwanza ya Tanzania kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na kila aliyeitazama ameguswa." Ningependa pia kuongeza sehemu inayolinganisha filamu na riwaya, pamoja na picha ya bango lake.

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga

Mwalimu, tunakushukuru kwa kututumia maandishi yenyewe, kwa sababu kasoro za makala huonekana katika sentensi. Tuanze na neno litakalopotosha watu wengi zaidi iwapo litaachwa: kuteuliwa. Katika Kiswahili chetu neno hili hubeba hatua mbili zisizolingana. Kila nchi huchagua filamu moja na kuipeleka Marekani, na hapo tunasema nchi imeiteua. Baadaye filamu za nchi zote huchujwa hadi zinabaki 5, na hizo 5 nazo tunasema zimeteuliwa. Vuta N'Kuvute iliifikia hatua ya kwanza tu: Tanzania iliiwasilisha mwaka 2022 kwa ajili ya tuzo za Oscar za awamu ya 95, katika kipengele cha filamu bora ya kimataifa, lakini haikuingia katika zile 5. Msomaji anayekuta "iliteuliwa kuwania" ataelewa hatua ya pili, naye hatakuwa amekosea, kwani ndivyo sentensi inavyosema. Tumia "iliwasilishwa na Tanzania", na utata wote utaondoka.

Wala haikuwa ya kwanza. Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ilikwisha kuwasilishwa na Tanzania kwa tuzo za 74, miaka mingi kabla ya hapo, wakati kipengele hicho kilipokuwa bado kinaitwa filamu bora ya lugha ya kigeni. Jina lilibadilishwa mwaka 2019. Kwa maoni yetu hakuna maneno yanayohitaji ushahidi mzito kuliko "ya kwanza", maana yeyote atakayekuta filamu moja iliyotangulia atakuwa na sababu ya kutilia shaka makala nzima. Ukilazimika kuyatumia, taja gazeti au tamasha lililosema hivyo.

Kasoro ya pili ni ya historia, na kwa mwalimu wa kidato cha sita ni muhimu kuliko zote. Mambo yanayosimuliwa katika filamu hii ni ya miaka ya 1950, utawala wa Uingereza ulipokuwa unaelekea ukingoni. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963 na Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Kwa hiyo wahusika wanaishi kabla ya matukio hayo, na kuwaweka ndani ya Mapinduzi ni kumpa msomaji filamu nyingine kabisa. Neno "koloni" pia halifai hapa: tangu 1890 Zanzibar ilikuwa nchi lindwa chini ya Uingereza, na Sultani alibaki kwenye kiti chake. Tofauti hiyo inamsaidia msomaji kuelewa kwa nini siasa za Unguja za wakati ule zilikuwa na pande nyingi kuliko mtawala na mtawaliwa.

Sasa tufike penye kiini cha barua yako. Sentensi yako kuhusu Bwana Raza na Mombasa imetoka kitabuni. Katika riwaya tunampokea Yasmin akiwa tayari ameolewa na mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali, anakwenda naye Mombasa, kisha anamtoroka na kurudi Unguja. Muhtasari uliotolewa pamoja na filamu unaanzia kwingine: Denge, kijana mpigania uhuru, anakutana na Yasmin usiku, msichana akiwa bado yuko njiani kwenda kuozwa. Wewe umeifundisha riwaya hiyo mara nyingi, na bila shaka kumbukumbu yake inaziba mapengo ya filamu pasipo wewe kujua. Wanafunzi wako wanachanganya kutoka upande mmoja, na rasimu yako imechanganya kutoka upande wa pili.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Kifunge kitabu na ukiweke chumba kingine, itazame filamu ukiwa na daftari, na kila tukio uliandike pamoja na dakika yake. Kisha uandike muhtasari kutokana na daftari hilo peke yake, kwa wakati uliopo: "Denge anakutana", si "Denge alikutana". Sehemu ya muhtasari haihitaji tanbihi, kwa kuwa filamu yenyewe ndiyo ushahidi, ila kwa sharti kwamba ueleze kinachoonekana na kusikika bila kukitafsiri. Ukiandika kwamba "Yasmin anafungua dirisha", yeyote anaweza kuhakiki. Ukiandika kwamba dirisha ni ishara ya ukombozi, hiyo ni hoja yako, nayo inahitaji mhakiki aliyeichapisha. Kuhusu urefu, Wikipedia ya Kiingereza imejiwekea kipimo cha maneno kati ya 400 na 700, nasi tunakiona kipimo cha busara hata kwa Kiswahili.

Kwa sababu hiyohiyo, sehemu ya ulinganishi uliyoipanga isubiri. Tunaamini una mengi ya kusema, pengine kuliko mtu yeyote aliyekwisha kuandika juu ya jambo hilo, lakini kamusi elezo haipokei utafiti ambao mwandishi wake anauchapisha hapo kwa mara ya kwanza. Uandike ulinganishi huo na kuupeleka kwenye jarida la kitaaluma au gazeti. Ukishachapishwa, wengine wataweza kuunukuu, na itakuwa vyema zaidi wewe mwenyewe ukiwaachia kazi hiyo.

"Nzuri sana" na "kila aliyeitazama ameguswa" yaondolewe. Nafasi yake ichukuliwe na kauli ya mhakiki, kwa jina lake na mahali alipoandika, na kama wahakiki walitofautiana, pande zote mbili zitajwe. Tafuta taarifa za magazeti, mahojiano na mwongozaji yaliyochapishwa, na vitabu vya ratiba za matamasha. Usitegemee IMDb, tovuti ya kumbukumbu za filamu, kwa kuwa sehemu kubwa ya taarifa zake hujazwa na watumiaji wenyewe. Kila ukurasa wa gazeti unaoutaja, uhifadhi pia nakala yake kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, maana kurasa za magazeti yetu hupotea upesi na kuiacha tanbihi ikielekeza pasipo na kitu.

Bango la filamu ni mali ya wenye filamu na haliwezi kuwekwa Wikimedia Commons, hazina ya picha zinazoruhusiwa kutumiwa na yeyote, bila idhini yao. Picha ya mwongozaji uliyoipiga mwenyewe inaweza.

Aya yako tungeiandika hivi: "Vuta N'Kuvute ni filamu ya Kitanzania ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji, kutokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo iliyochapishwa mwaka 1999. Masimulizi yake yamewekwa Zanzibar katika miaka ya 1950 na yanawafuata Denge (Gudrun Columbus Mwanyika), kijana mpigania uhuru, na Yasmin (Ikhlas Gafur Vora), msichana wa Kizanzibari mwenye asili ya Kihindi. Ilionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto mwezi Septemba 2021. Mwaka 2022 Tanzania iliiwasilisha kushindania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa, lakini haikuingia katika orodha ya filamu 5 za mwisho." Juu kabisa weka mstari mmoja wa kumwelekeza anayetafuta riwaya, kwani wanafunzi wako watafika hapo wakiwa na kitabu mkononi.

Ndugu Mhariri,

Niliongeza katika makala ya Wikipedia kuhusu filamu ya Nairobi Half Life kwamba filamu hiyo ilishinda katika tamasha la Durban mwaka 2012. Sentensi yangu ikafutwa siku hiyohiyo. Je, niirudishe?

Msomaji, Mombasa

Usiirudishe kwanza, ndugu yetu. Fungua historia ya makala, usome maelezo mafupi yaliyoandikwa kando ya badiliko lililoifuta sentensi yako. Yumkini aliyeifuta alikuwa na sababu: tuzo iliyotolewa Durban mwaka huo ilikuwa ya mwigizaji bora, na aliyeipokea ni Joseph Wairimu kwa uigizaji wake katika filamu hiyo. Andika hivyo katika ukurasa wa majadiliano, uweke na taarifa ya gazeti inayothibitisha, umpe aliyefuta siku chache za kujibu, ndipo uiingize sentensi iliyosahihishwa.